Ua la Shikamoo

Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanalia kuliko bawaba za milango ninayotengeneza. Na wewe je? Kifua kinasemaje? Humo kazini, kwenye mvuke wa kufua mashuka ya hospitali, unapumua vizuri?

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka miwili hatujaandikiana wala kupigiana, na aliyekuwa anaandika barua humu ndani ni mama yako. Kazi yangu mimi ilikuwa kulamba stempu. Simu siitaki. Simu ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo. Kwenye simu neno likishatoka limetoka, lakini kwenye karatasi nikiona limekaa vibaya nalipiga randa. Hii unayoisoma ni barua ya nne. Tatu zimewasha jiko.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi mkunga jirani yetu alikuja na kikombe kitupu, anakohoa, anataka asali ya mama yako. Nikamwambia imekwisha tangu mwaka juzi. Akasema, "Basi katengeneze nyingine, si ulikuwa mume wake?" Nikacheka. Alipoondoka nikakaa kwenye benchi. Miaka thelathini na nne nimeishi na mwanamke yule. Nimekunywa asali yake kila vumbi la mbao liliponikaba, nimekula majani yake kwenye maharage, nimepaka mafuta ya mzizi wake kila patasi iliponikata, na mmea wenyewe sijui unafananaje! Najua tu aliuita ua la shikamoo. Mimi nikiingia kwenye ule msitu mdogo nyuma ya shule naangalia juu, nipime mti utatoa mbao ngapi. Yeye alikuwa anaangalia chini, na wewe ndiye uliyekuwa unamfuata na kikapu.

Niandikie linafananaje, linakaa wapi, linatumikaje. Nataka kulipanda hapa uani. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 2 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Kifua kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Magoti yako pole. Yafunge kitambaa cha joto usiku, na acha kubeba mbao peke yako, najua bado unabeba.

Barua yako niliiweka mezani siku mbili kabla ya kuifungua. Mwenzangu wa chumba alidhani ni ya mahakama. Sitasema uongo kwamba nimesahau uliyoniambia kwenye simu siku ya msiba. "Kaa huko huko." Nayakumbuka na sauti yake. Lakini umeniuliza habari za mama, na habari za mama siwezi kumnyima mtu, hata wewe.

Ua la shikamoo linakaa kwenye mteremko, kivulini kabisa, palipo na majani makavu ya miaka mingi, ukikanyaga panabonyea. Shina ni moja, jembamba, la kijani. Majani ni matatu, mapana kama viganja. Ukisimama utaona majani tu. Ua lenyewe liko chini yake, moja, jeupe, moyo wa manjano, linaangalia ardhini. Mpaka uiname ndipo ulione uso, ndiyo maana mama akaliita hivyo. Kuna ndugu yake, linafanana nalo kila kitu, ila shina lake ni jekundu. Huyo usimguse.

Kwenye majani matatu unachukua moja, basi. Ni la kula, bichi au ndani ya maharage, lina uchachu. Maua unachuma moja ukiacha manne, unayalaza kwenye asali siku tisa ndani ya kabati. Mzizi hauliwi kamwe. Ni wa kupaka tu, unachemshwa kwenye mafuta, tena mama alitumia ile iliyovunjika yenyewe, hakuwahi kung'oa. Mbegu ziko kwenye kifuko kidogo kinachoiva manjano mwezi wa nne.

Umesema nisiulize, kwa hiyo nauliza: kwa nini uani, Baba, wakati msitu upo?

Wako,
Binti yako


Tarehe 26 Aprili

Mwanangu,

Habari za kazi na za kifua? Huku mvua ni nzuri na paa la karakana halivuji, kwa sababu nililipiga mwenyewe.

Nimelipata. Kwanza nilipata lile la shina jekundu. Uliniambia nisiliguse, lakini uliniambia baada ya kusema linafanana, na mimi nilisoma mpaka "linafanana" nikatoka. Nilijikuna siku tatu kama mwenye upele. Mkunga alinicheka mpaka akakaa chini. Safari ya pili nilibeba barua yako mkononi kama ramani, nikafika kwenye mteremko, nikapiga magoti, nikainamisha shingo mpaka sikio likagusa majani. Nikaliona. Mwanangu, miaka yote ile! Zuri vile, na mtu amekaa nalo nyumba moja akidhani ni mboga.

Nimehesabu mimea arobaini na miwili. Mwezi huu vifuko vimeiva, nimechuma mbegu kiganja kizima. Usiwe na wasiwasi, sitazipanda kwa pupa. Nimezianika juu ya rafu ya karakana, pasipo na jua, zikae mwezi mzima kama mbao ya kabati. Kitu kibichi hupinda.

Sasa nakujibu swali lako, na hapa randa haisaidii. Msitu umeuzwa, panajengwa maghala. Mwezi wa kumi na mbili mwenye msitu alinijia akitaka fundi wa kumwonyesha miti ya mbao. Nikazunguka na kopo la rangi nyekundu siku nzima, nikapiga alama miti sitini na minne. Niliifanya kazi ile vizuri, na nilifurahi. Sikuwaza kitu. Halafu ile siku nimepiga magoti kwenye maua ya mama yako, nilipoinua kichwa niinuke nikaikuta alama yangu mwenyewe usawa wa pua. Nikageuka, nyingine. Pale mteremkoni tu ziko tisa.

Ndiyo hivyo. Nimekwambia.

Baba yako


Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Salamu za huku. Labda barua yangu imepotea njiani, posta siku hizi haiaminiki.

Nilitengeneza masanduku manne ya kupandia, pembe zimeshikana bila msumari hata mmoja. Nimepanda mbegu nusu inchi chini, nafasi inchi nne, nimepima kwa rula. Ni masanduku mazuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Hayajaota kitu. Nimeyahamisha upande wa jua, nimeyarudisha kivulini, nimeyamwagilia, nimeacha kuyamwagilia. Jana nilifukua udongo wa sanduku moja, mbegu ziko vilevile, ngumu kama risasi.

Misumeno inaingia msituni tarehe moja mwezi wa saba. Kama barua imepotea, basi nirudie kwa ufupi: miti niliipiga alama mimi. Kama haikupotea, sema chochote, hata tusi. Mkunga anakusalimu.

Baba yako


Tarehe 12 Juni

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Barua haikupotea. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro, nikailalia wiki tano.

Mbegu zako zimekufa. Mbegu ya ua la shikamoo haikauki ikaishi. Mama alikuwa akifungua kifuko pale pale, anazipanda siku ile ile, mbichi, zikiwa bado zinanata vidoleni. Mbegu si mbao, Baba.

Na sasa sikia la kwangu, maana wewe umesema lako. Barua yako ilinifikia mapema mwezi wa tano. Nilipofika kwenye mstari wa rafu nilijua zinakufa. Nilijua bado siku chache zimebaki, na mwenzangu wa chumba ana simu, ningekupigia jioni ile ile. Nikasema moyoni, mwache. Mwache aone. Hasira ni hasara, nimeambiwa tangu mdogo, na bado nikakaa kimya. Wewe umepaka rangi hujui. Mimi nimenyamaza najua. Kwa hiyo zile mbegu tumeziua wawili, na mimi zaidi.

Sasa imebaki mizizi. Iko chini sana, urefu wa mkono mpaka kiwiko, imejipenyeza katikati ya mizizi ya miti. Chimba kwa mbali, tumia mikono ukikaribia, toa na udongo wake wote. Nenda alfajiri kabla umande haujakauka. Beba na yale majani makavu ya juu, magunia, usiyaone takataka. Ila sijui utapanda wapi. Uani kwetu hakuna kivuli. Mti pekee tuliokuwa nao uliukata ukaufanya kabati.

Fanya kwanza, halafu ndiyo uniandikie.

Binti yako


Tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Umeshindaje? Mimi nimeshinda chini, ndiko nilikoshinda wiki nzima.

Barua yako ilifika siku sita kabla ya misumeno. Nilianza kesho yake alfajiri. Kwa siku moja natoa mizizi miwili, ikizidi mitatu, kwa magoti haya. Siku ya sita nikiwa bado nachimba wakata miti wakafika. Wengi nawafahamu, nimenunua mbao zao miaka ishirini. Msimamizi wao akanisimamia kichwani. "Fundi, umepata dhahabu?" Nikamwambia, "Nahamisha vitu vya mke wangu." Hakunielewa, lakini alikaa. Wote wakakaa kwenye gogo, wakamimina chai, wakaniangalia mtu mzima anapapasa udongo kama anayetafuta sindano. Nilipomaliza mmoja wao akanibebea magunia mpaka nyumbani. Sikuwa hata nimegeuka kona ya shule nikasikia msumeno unawaka.

Nimepata kumi na moja.

Kuhusu kivuli: kama sina msitu, nitajenga. Nimesimamisha nguzo nane uani, futi saba kwenda juu, nimepiga papi, zile mbao nyembamba, paa zima na pande tatu, nafasi ya inchi moja kati ya papi na papi. Nimemwaga majani yote ya magunia chini. Ukiingia humo harufu ni ileile ya kikapu cha mama yako. Lakini majani ya mimea yamelala siku ya pili. Siku ya tano yamekuwa ya kahawia, yote kumi na moja. Sijui nimekosea wapi, nimepima kila kitu.

Umesema la kwako, ngoja nimalizie la kwangu. Siku ile ya simu nilikuwa nimesimama karakanani. Jeneza la mama yako nililitengeneza mwenyewe, nilikataa la kununua. Ubao wa mfuniko ni mrefu, unataka watu wawili, mmoja ashike huku, mwingine kule. Nilikuwa nimekuachia wewe upande ule, tangu utotoni wewe ndiye uliyekuwa unanishikia. Ukapiga ukasema huji. Nikakwambia kaa huko huko. Halafu nikaushika peke yangu, ukaanguka, ukapasuka, nikaanza mwingine. Sikuwa na hasira na wewe, mwanangu. Nilikuwa naogopa tu, na nilikuwa sina mtu wa upande wa pili. Nisamehe.

Baba yako


Tarehe 24 Julai

Shikamoo Baba yangu,

Nimekusamehe. Nimeandika kwanza nisije nikasahau kwa wingi wa maneno. Na wewe unisamehe.

Sikusema "siji". Nilisema siwezi. Bila hati za kusafiria sivuki mpaka, na zangu zilikuwa zimeshikwa ofisini, zinabadilishwa, na kila siku naambiwa njoo kesho. Siku mama anazikwa nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kupiga pasi, shuka baada ya shuka, zote nyeupe. Msimamizi akaniambia nenda ukapumzike, nikakataa, nikaogopa nikiacha mikono itafanya nini. Ningekueleza, lakini ulishakata simu. Sasa umejua.

Tuje kwenye maua. Hujakosea sana. Yakihamishwa hulala, majani yanaanguka yote, mzizi unabaki chini unajifikiria. Mama alihamisha moja mara moja likakaa miezi mitano bila dalili. Ila inchi moja ni nyingi. Mama alikuwa akitaka kupanda ananyoosha kiganja karibu na ardhi, anaangalia tone la jua linalodondoka juu yake. Likiwa kubwa kuliko kifungo cha shati anasogea. Jaribu hivyo saa sita mchana, sehemu zote, sio moja.

Na tafadhali usifukue kuangalia. Nakujua. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba ubao ukishabanwa na gundi haufunguliwi kuchunguliwa. Nilikuwa na miaka minane, nikafungua jiriwa iliyokibana kuona kama kiti cha mwalimu mkuu kimeshika, mguu ukadondoka, ukaninunia wiki nzima. Na mimi sasa nitakununia. Mwagilia, ngoja mvua, funga mikono yako.

Nakupenda, Baba. Sijui kama nimewahi kuandika hivyo. Mama ndiye alikuwa anatuandikia salamu zetu.

Binti yako


Tarehe 10 Novemba

Mwanangu,

Kifua? Mkunga anasema ukoge mvuke wa maji ya moto, nikamwambia binti yangu anaishi ndani ya mvuke, hajapona. Mimi mzima.

Nilipiga papi za pili juu ya zile za kwanza, nikazisogeza nusu inchi nusu inchi na kiganja chini, siku kumi na nne. Sasa jua ni la kifungo, kila mahali. Mvua zimeanza wiki ya tatu hii. Hakuna kitu. Majirani wanapaita banda la kuku lisilo na kuku. Mmoja aliniuliza nauza lini mayai.

Mara mbili nimeingia na koleo. Mara ya pili nilishalichomeka. Nikakumbuka kiti cha mwalimu mkuu, nikalitoa, nikalifungia kabatini na ufunguo nimempa mkunga.

Wameniletea mbao za msitu ule nitengeneze milango ya hayo maghala. Mbao nzuri, sikatai, nyingine nilizitambua kwa alama yangu. Kazi nimeikataa. Sijawahi kukataa mbao maishani mwangu, hata fundi mwenzangu aliuliza kama naumwa. Jioni naingia na chai yangu mle kwenye papi, nakaa kwenye ndoo, naangalia udongo. Ni kazi ya kijinga lakini moyo unatulia.

Mlango wa chumba chako ulikuwa unakwama, nimetengeneza mwingine. Nakwambia tu, sina maana yoyote.

Baba yako


Tarehe 1 Desemba

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kifua ni hivyo hivyo. Mwambie mkunga asante, na ufunguo asikupe hata ukimwangukia miguuni.

Nina habari mbili. Ya kwanza, wanataka niwe msimamizi wa chumba chote cha kufulia, mkataba wa miaka mitatu. Nijibu kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Watu wote hapa wananipongeza, nami nasema asante asante, halafu nikifika chumbani nakaa kitandani na viatu. Ya pili, likizo nimepata, wiki mbili mwezi wa pili. Nitakuja.

Nataka uniambie kitu kimoja, na uniambie kweli. Zimeota? Kama hakuna kitu sitakulaumu, umefanya kuliko ambavyo angefanya mtu yeyote. Ila nataka kujua nitakachokikuta, nije nimeuandaa moyo. Kwa nyumba bila mama nimeshauandaa. Bila mama na bila maua yake, hiyo bado.

Binti yako


Tarehe 20 Desemba

Mwanangu!

Salamu baadaye, kifua baadaye. Saba!

Saba, mwanangu, kati ya kumi na moja. Ya kwanza ilitoka wiki moja kabla barua yako haijafika, ya kijani kibichi, imejikunja kama maranda ya mbao. Nikadhani ni gugu. Kesho yake majani yamefunguka matatu, shina la kijani, nimelikagua na miwani. Halafu zikaja nyingine, nyingine, mpaka saba, zimejipanga vizuri kabisa, ukisimama dirishani jikoni unaziona zote. Nimekula pembe ya jani moja, dogo kama ukucha. Uchachu ule ule! Nilikaa chini nikalia, sioni aibu kukuandikia.

Mkunga analeta watu kuja kuangalia. Wale wa banda la kuku wamenyamaza.

Njoo uone. Wiki mbili si nyingi lakini njoo. Mambo ya mkataba uamue mwenyewe, kazi ni kazi, mimi siingii hapo. Ila njoo.

Mwenye furaha,
Baba yako


Tarehe 18 Februari, saa nne asubuhi, kwenye benchi lako la karakana

Shikamoo Baba,

Nimefika. Nilipata basi la alfajiri badala ya lile nililokwambia, kwa hiyo wewe uko stendi unanisubiri na mimi niko kwako. Mkunga amenifungulia. Amekuja mbio na unga mikononi, amenikumbatia, koti langu limekuwa jeupe mgongoni.

Nimeanzia jikoni, dirishani, kama ulivyoniandikia. Nikahesabu saba. Zimejipanga kweli. Nikatoka nikaingia mle kwenye papi, nikainama kwenye ya kwanza kutafuta ua, sikuona ua, nikalishika jani. Baba, kidole changu kimekuwa cha kijani. Rangi haijakauka.

Umechonga tano! Umechonga mpaka mishipa ya majani. Ile ya karibu na nguzo umeitoboa tundu kama imeliwa na mdudu. Sijui ulikaa siku ngapi na patasi kwa kazi hiyo. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka mkunga akaja kuchungulia, akanikuta nalia, akarudi kwenye unga wake. Njia ya mwongo ni fupi, ila yako umeipiga randa vizuri, haina hata kibanzi.

Mbili ni za kweli. Nimelala kifudifudi na nguo zangu za safari kuziangalia. Moja bado changa. Nyingine ina ua, limefunguka lote, jeupe, linaangalia chini. Sijui kama umeliona, maana kwa magoti yako sidhani kama unafika kule chini. Litatoa kifuko, na kifuko kitaiva mwezi wa nne, na siku hiyo inatakiwa pawe na mtu.

Nikuambie na mimi kweli yangu. Mkataba ule niliukataa tarehe kumi na tano Desemba. Ile barua yako ya "Saba!" ilikuwa haijaandikwa. Ungeniandikia kwamba hakuna hata moja, ningekuja hivi hivi, na mizigo hii hii. Iko mlangoni, masanduku matatu na godoro, ndiyo yote niliyo nayo, usijikwae. Hospitali ya hapa nayo ina mashuka, nitauliza wiki ijayo.

Niliona niyaandike haya kwanza, maana tukionana najua hatutayasema. Utaniuliza habari za njia na mimi nitakwambia nzuri.

Sasa natoka kwenda makaburini. Sijawahi kufika, na la mama sijui ni lipi. Ukimaliza kusoma njoo, nitakuwa nimesimama getini nakusubiri unionyeshe.

Binti yako